Gunia la Madaftari Yangu Liko Kwenye Ghala la Kahawa na Sisi Tunahama

Admin, naomba jina langu lisionekane, hata la shule usiliweke, maana ukurasa huu hapa kijijini unasomwa mpaka na watu wanaojifanya hawana simu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu huku Mbinga, milimani. Ni mtu wa kukaa kimya. Darasani jibu nalijua ila mkono sinyooshi. Hapa natumia simu ya mama, yeye yuko shambani.

Baba yangu ni fundi ujenzi. Kwa muda mrefu amekuwa akifanya kazi kule Nyasa, ziwani, na mwaka huu amemaliza nyumba yetu, akasema tuhamie wote. Kahawa yetu ataitunza baba mdogo, ambaye tunapakana naye. Mama alitugawia magunia mimi na wadogo zangu, akasema, "Kila mtu afunge vyake mwenyewe. Utakachosahau usije ukanililia."

Mimi nilianza mapema. Sina vitu vingi, nina madaftari. Nimetunza notsi zangu zote tangu kidato cha kwanza, zimefunikwa kwa magazeti, jina langu juu ya kila jalada. Shuleni kwetu kitabu kimoja tunasoma watu wengi, kwa hiyo daftari lako ndilo kitabu chako, na mwakani nina mtihani wa taifa. Niliyapanga katikati ya gunia, nikazungushia blanketi na nguo ili pembe zisitoboe, nikashona mdomo kwa katani. Nilishona mshono wa kahawa, kwa sababu ndio niliofundishwa, sijui mwingine. Gunia likapendeza kabisa, mama mwenyewe akalisifu. Nikaliweka sebuleni, na sebuleni ndiko yalikokuwa yamepangwa magunia ya kahawa kavu.

Kesho yake mama akiwa kisimani, baba mdogo akaja na vijana na pikipiki ya miguu mitatu, kupeleka kahawa yetu na yake ghalani. Nikaona na langu linabebwa.

"Shikamoo baba mdogo. Hilo la mwisho ni langu."

"Marahaba. Yote ni yenu mwanangu, kwani nimesema naiba?"

"Hapana, ninamaanisha lile lina vitu vyangu..."

"Ongea basi usikike! Unaongea kama unaungama kwa padri."

Vijana wakacheka. Mimi nikarudi mlangoni, na pikipiki ikaondoka.

Ya huko ghalani nimesimuliwa na kaka yangu wa kwa baba mdogo, alikwenda naye. Karani wa mizani hufungua kila gunia na kutia mkono ndani aone kama kahawa imekauka. Kwenye gunia langu mkono ulitoka na sketi ya shule. Akatia tena, akatoa daftari la Baiolojia. Foleni nzima inatazama, karani akauliza,

"Mzee, hii kahawa yako imefika kidato cha ngapi?"

Watu wakacheka sana. Ila mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo maana magunia yake huwa mazito kila mwaka!" Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu huku kwetu mtu akishukiwa kuongeza uzito kwa ujanja, hata kanisani watu wanamkwepa.

Baba mdogo angesema tu kwamba kaka yake anahamisha familia na magunia yamechanganyika. Ingeisha pale pale. Lakini alibabaika, akasema, "Sivijui hivyo! Kuna mtu amenitega!" Karani akamsomea jina kwenye jalada. Akajibu, "Majina yanafanana. Ukoo huu umejaa wilaya nzima." Akapimiwa kahawa, akaondoka, gunia langu akaliacha sakafuni.

Nyumbani alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Eti mimi na vitabu vyangu tumemvua nguo mbele ya watu. Nikamwomba mama twende tukalichukue. Mama akasema, "Ukilichukua, baba yako mdogo anakuwa mwongo mbele ya wote waliomsikia. Na kahawa yetu tunamwachia nani?" Baba kwenye simu akasema nimsikilize mama, huku ziwani shule zipo. Sikuomba shule mimi!

Jioni baba mdogo akarudi na madaftari mapya, meupe, hayana hata mstari mmoja wa wino. "Haya, andika upya. Si unapenda kuandika?" Nikasema asante. Jamani, nilisema asante. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hata siku hiyo sauti yangu ilitoka kwa ajili ya kushukuru.

Sketi na blanketi nimesamehe. Lakini leo asubuhi kaka amenijia na andazi alilonunua nje ya ghala. Limefungwa kwenye karatasi ya Jiografia. Mwandiko ni wangu, mchoro wa mlima wa volkano niliopaka rangi mwenyewe, umelowa mafuta. Anasema mama wa maandazi alipewa rundo zima na watu wa ghala, na kila siku anachana.

Lori linakuja Jumamosi. Nikienda ghalani itanibidi nisimame mbele ya watu walewale, niseme kwa sauti kwamba gunia ni langu, na nikishasema hivyo baba mdogo ni mwongo, mama atanilaumu, na shamba letu litakuwa na ugomvi. Nisipokwenda, watu watakula maandazi mpaka kidato changu cha kwanza, cha pili na cha tatu viishe.

Nyie mlio wakubwa, hasa wenye watoto wanaosoma, msinicheke. Niende ghalani, au nipande lori ninyamaze? Naombeni mnijibu kabla ya Jumamosi.