Safu ya Hali

Mzee Mwaro hana utovu wa adabu, hata kwa karatasi. Alikuwa mlinzi wa mabwawa ya chumvi Gongoni, na Idah, mtafiti kutoka Nairobi, alimwachia fomu za kuhesabu vitwitwi, wale ndege wadogo wanaodonoa matopeni. Safu ya mwisho iliandikwa "Hali".

Jua lilipochoma, Mwaro aliandika "njema". Upepo ulipowapeperusha vitwitwi wote, "njema". Siku ya mvua kubwa, akiwa ametota chapachapa, aliandika "njema, namshukuru Mungu".

Mwisho wa mwezi Idah alipozisoma fomu, akawaka. "Mzee, ni hali ya hewa!"

"Kumbe!" Mwaro akashangaa. "Nami nikaisifu fomu kwa adabu. Kila asubuhi inanijulia hali. Wewe, mwanangu, mwezi mzima unaniuliza habari za ndege tu."