Majivu ya Shikome na Joto la Anga

Ukikuta majivu yana joto uani asubuhi, na jana hukuwepo, utajuaje kama ni mabaki ya moto mmoja mkubwa uliokwisha kuzimika, au ni ya moto mdogo unaochochewa muda wote? Niliulizwa swali hilo Katoro, mji wetu wa wachimba dhahabu, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikashindwa kulijibu. Aliyeniuliza amefariki. Tumemzika wiki iliyopita kwao, upande wa Runzewe, na kwa kuwa mnaonisoma mnajua sipendi sifa za makaburini, nitamweleza kama alivyokuwa: mbishi.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia aliyefungua kibanda cha vifaa vya sola karibu na stendi. Nilikwenda kununua betri. Aliposikia nimesoma fizikia, betri ikasahaulika. Mnajua kwamba kuna joto hafifu sana linalotujia kutoka kila upande wa anga, hata pale pasipo na nyota. Vitabu vinasema ni mabaki ya enzi za mwanzo, ulimwengu ulipokuwa umebanana na wa moto mno, kabla haujatanuka na kupoa. Mwalimu alikataa. Kwake ulimwengu haukuwa na mwanzo. Joto lile, alisema, ni nuru ya nyota iliyonaswa na vumbi la chuma lililotapakaa angani, kisha vumbi likaitoa tena kama joto. Akanishika mkono, akauweka juu ya paneli iliyofunikwa na vumbi jekundu la barabarani. Liliunguza. "Vumbi hili nani kaliwashia moto?" akauliza. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akichaji simu akadakia, "Mwalimu, hilo vumbi la huko juu lina dhahabu?" "Lina chuma." "Basi libaki hukohuko!"

Hapo ndipo alipoleta lile swali la majivu, majivu ya shikome, ule moto wa uani ambao Wasukuma huuzunguka jioni kwa mazungumzo. Nilipoanza kusema vitabu vinasema, alinikatiza. "Binti, nadharia hii nimeibeba tangu chuo cha ualimu. Walimu wenzangu wamenicheka, katekista kaninunia. Kama si kweli, nataka kujua kabla sijafa. Ila niletee sababu. Vitabu ninavyo."

Nilichukizwa. Mimi ndiye niliyezoea kuwauliza wengine maswali. Ilinichukua muda mrefu kusoma na kusumbua watu kabla sijarudi Katoro.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na sababu au umekuja na vitabu?"

"Nimekuja na majivu. Tuyaguse mara mbili."

Nikamweleza. Majivu ya moto uliozimika huwa na joto zaidi alfajiri kuliko mchana; ya moto unaochochewa daima hayabadiliki. Na anga tunaweza kuigusa mara mbili, kwa sababu nuru ya mbali ni nuru ya zamani. Mawingu ya gesi yaliyo mbali mno yanaonyesha joto lililoyazunguka enzi hizo, nalo lilikuwa kubwa kuliko la leo, kwa kiasi kilekile kinachotarajiwa kama ulimwengu umekuwa ukitanuka na kupoa.

"Wamepima wingu moja?"

"Mengi."

"Kwa njia moja?"

"Zaidi ya moja."

"Bhebhe!" akashangaa kwa Kisukuma. Akachukua kitambaa, akafuta paneli ambayo ilikwisha kuwa safi. Alifuta kwa muda. Kisha akasema, "Basi duara langu limekufa."

Yule wa bodaboda akamwambia, "Pole, mwalimu. Hamia duara jingine." Mwalimu akacheka, akaagiza soda.

Huku kwetu duara ni shimo la mchimbaji, na sote tunamjua mtu anayeendelea kuchimba duara lililokufa kwa sababu tu amekwisha kwenda chini sana. Urefu wa shimo haujawahi kuwa ushahidi wa dhahabu. Lakini ndivyo tunavyotetea vyama vyetu, dawa zetu, na hata yale tuliyofundishwa vyuoni. Mwalimu alikuwa amechimba maisha yake yote, akapanda juu mchana kweupe, mbele ya watu. Nami nimejifunza kwake kwamba anayependa kuhoji kila kitu, kama mimi, lazima kwanza aseme ni jibu gani litakalomnyamazisha. Asiyeweza kulitaja anapiga kelele tu.

Nilidhani mambo yaliishia kwenye zile soda. Msibani, muuguzi mmoja aliyewahi kusoma tuisheni kwake akanieleza nisichokijua. Jumamosi iliyofuata mwalimu alichora nadharia yake ubaoni, akawapeleka wanafunzi kwenye majivu ya shikome, wakayagusa asubuhi na tena mchana. Waliporudi darasani akaifuta kwa mkono wake, akasema, "Hii ilikuwa yangu. Aliyeiangusha alikuja kununua betri." Na kila mwaka, hadi alipougua, alilirudia somo hilo.