Kipande cha Msuli

Hilali hakuwahi kukiamini kitambaa kwa macho. Katika duka lake la nguo, jirani na soko la Kasulu, kila jora jipya lilipofika alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti, akaunusa. Uzi wa pamba huungua ukabaki jivu; wa nailoni hujikunja ukawa donge. Muuzaji aape asiape, Hilali aliusikiliza uzi. Watu nao aliwapima vivyo hivyo, ila hao aliwachoma kwa maswali.

Sukari ilimpata akiwa na miaka hamsini na miwili, nayo aliishuku. Alipima Kasulu, kisha akapanda gari kwenda kupima tena Kibondo, kana kwamba ugonjwa ungebadili kauli njiani. Huko Kibondo ndiko alikozikwa kaka yake, Saady. Saady alianza na kidonda cha kiatu kwenye kidole cha mguu. Wakakata kidole. Wakakata unyayo. Wakakata juu ya goti. Hilali ndiye aliyezipunguza suruali za kaka yake, kila mara mguu mmoja, kila mara kwa kipimo kipya, hadi siku ambayo hakikubaki cha kupunguza. Tangu hapo hakuogopa kufa kama alivyoogopa kukatwa.

Kwa hiyo Daktari Ghati alipokuja kwenye kliniki ya sukari kutafuta watu wa utafiti wake, Hilali alikaa benchi la nyuma. Ghati alikuwa Mkurya wa Tarime, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyesoma ng'ambo hadi shahada ya uzamivu.

"Mwanangu, umesoma ukamaliza, na bado unasoma?" Hilali alimuuliza.

"Ndiyo, mzee. Huu ni utafiti wa baada ya kumaliza."

"Basi hukumaliza."

Benchi lilicheka. Ghati naye alicheka, kisha akaeleza. Ndani ya mwili, alisema, mna majiko madogo mno, jicho haliyaoni. Kazi yake ni kuunguza sukari. Kwa wagonjwa wengi wa sukari majiko hayo huwaka kwa unyonge. Yeye alitaka kujua kama mazoezi huyachochea yakashika moto tena. Mazoezi yenyewe yalikuwa baiskeli ya chuma iliyofungwa sakafuni, wiki kumi na mbili.

"Baiskeli isiyokwenda!" alisema Yusta, mkulima wa Heru Juu, mwanamke aliyekuja kliniki kwa miguu kila mwezi. "Muzee Hilali, ukifika Nyabibuye unisalimie shangazi."

"Sema *mzee*, Yusta. Kiswahili hakina haraka hiyo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Baba yake alitoka Ujiji na babu yake Bagamoyo, na Hilali alikichukulia Kiswahili kama mali ya nyumbani ambayo Waha, wenyeji wa Kasulu, waliazimwa tu. Aliwasahihisha wateja kabla ya kuwapimia nguo.

Akapewa barua ya mwaliko, akaisoma dukani mstari kwa mstari. Mstari wa sita ulimsimamisha: *Kila mshiriki atatoa kipande kidogo cha msuli mara mbili, kabla ya mazoezi na baada yake.*

Akatazama rafu. Misuli ya kiume ya kujifunga kiunoni ilikuwa imepangwa pale, ya miraba na ya mistari. Na mwenyewe, akiwa nyumbani, alivaa wake wa kijani uliofifia kwa kufuliwa. Misuli ya mwilini aliijua, lakini hiyo ni mingi. Nani hutoa msuli mmoja? Kuuliza aliona haya. Yeye, Hilali wa Ujiji, akaulize maana ya neno?

Alimsomea mkewe, Mwajabu. Mwajabu aliacha kuchambua mchele.

"Kipande cha msuli wako? Uliouvaa?"

"Wanasema kidogo."

"Baba Firdausi, kidogo ndicho kinachotosha! Nguo iliyokunywa jasho la mtu huombwa na nani? Kabla wakate, baada wakate. Wanalinganisha nini? Kama umeshakwisha?"

Shaka ya Mwajabu ilikaa juu ya shaka ya Hilali kama kiraka juu ya kiraka. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi vidoleni, na hilo hakumwambia mtu. Akikataa, baiskeli ataikosa, na labda ndiyo pekee iliyosimama kati yake na msumeno. Asubuhi ya miadi alichukua mkasi, akakata kipande cha mraba kutoka kwenye msuli mpya, ambao haukuwahi kugusa mwili wa mtu. Wakiroga, waroge kiwanda.

Chumbani kwa Ghati mlikuwa na kitanda, pazia na mtungi wa kugandishia uliofuka moshi wa baridi. Yusta alikuwa amekaa pembeni akingoja zamu yake ya baiskeli. Mwajabu alimfuata mumewe hatua kwa hatua. Hilali akatoa kitambaa mfukoni, akakiweka mezani kwa heshima.

"Kipande chenu hicho. Pamba tupu, hata mkichoma."

Ghati alikitazama, akamtazama yeye. Yusta ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga makofi.

"Yoo! Ni inyama, muzee! Nyama ya paja! Si nguo! Leo Kiswahili kimekwenda haraka, e?"

Hilali hakusikia kejeli. Alisikia *paja*. Aliziona suruali za Saady zimekunjwa mapajani pake. Akasimama.

"Mama Firdausi, twende."

"Mzee, kosa ni langu," Ghati alisema. "Barua niliiandika mimi. Hapa hakuna atakayekugusa leo. Ni sindano nene, kwa ganzi, na kinachotoka ni kama punje ya haragwe. Mimi mwenyewe nilitolewa kwanza. Siwezi kukuonyesha wewe, lakini mama anaweza kuona kovu."

Wakaingia nyuma ya pazia, wakatoka.

"Lipo," alisema Mwajabu. "Dogo."

"Yeye ana sukari?" Hilali aliuliza.

Ghati akainamisha kichwa. "Sina, mzee. Umesema kweli."

"Mimi ninayo," alisema Yusta, na kicheko kilikuwa kimemwisha. "Mwaka wa saba. Nilitoa mwezi uliopita. Njoo mama, uangalie na la kwangu."

Safari hii Mwajabu alikawia nyuma ya pazia. Alipotoka aliongea polepole. "Limefunga. Nimelibonyeza, halina maji."

Hilali alikwenda nyumbani. Siku sita alikaa dukani akichoma nyuzi ambazo alishazichoma. Siku ya saba alirudi, akaomba fomu ya kukubali. Palipoandikwa *msuli* akapiga mstari, akaandika kwa mkono wake: *nyama ya paja, isiyozidi punje ya haragwe*. Akamsukumia Ghati, naye akasaini kando ya masahihisho. Kisha Hilali akatoa haragwe mfukoni, akaliweka mezani liwe shahidi.

Ganzi iliuma kuliko ile sindano nene. Aliomba akione kilichotoka kabla hakijaingia kwenye moshi. Kilikuwa chekundu, kidogo kuliko haragwe.

"Ndimo yalimo majiko?"

"Ndimo."

"Yatawaka tena?"

"Hilo sijui, mzee. Ndilo ninalotafuta."

Hilali akamtazama. Katika miaka yote ya biashara hakuwahi kukutana na muuzaji asiyeapa.

Lakini kuamini ni jambo jingine. Kila asubuhi, baada ya sala, alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua bendeji mpya ya kliniki, akakipima kidonda kwa futi yake ya dukani, na Mwajabu akaandika tarehe. Siku ya tatu kilikuwa vilevile, na hakula chakula. Siku ya tano kilipungua. Akapima mara mbili. Siku ya tisa alilaza futi juu ya paja, akaisogeza huku na huku, hakukuta cha kupima.

"Kimefunga, Baba Firdausi."

"Lete taa," alisema, ingawa jua lilikuwa limejaa dirishani. Akalibonyeza kovu kwa kidole gumba, akangoja, akabonyeza tena. Kisha akavaa viatu, akaanza na mguu wa kulia, akaenda kuipanda baiskeli isiyokwenda. Futi aliibeba mfukoni.