Mapasa wa Zongwe

Mimi nilizaliwa baada ya mapasa, na kwetu hilo si jambo la kupita hivihivi. Pacha wa kwanza ana jina lake la desturi, lilelile kila nyumba, wa pili ana lake, na anayewafuata naye analikuta la kwake likimsubiri. Ukiliita jina la kaka yangu, yule pacha wa kwanza, katika soko la Kalemie, watageuka watu kumi. Haya yote nimeyajua tangu sijaota meno. Ndiyo maana mpaka leo, nikiikumbuka programu yangu ya kwanza, naona haya, kisha nacheka.

Niliiandika kwa ajili ya mama yangu, muuguzi wa kituo kidogo cha afya kilicho juu ya mlima. Fishe za watoto, yaani kadi zao za chanjo, zilimchosha: zinalowa, zinapotea, mtoto mmoja anakuwa nazo tatu. Nikamwambia, niachie mimi. Kompyuta ingempa kila mtoto aliyechanjwa namba iliyoundwa kwa jina lake, mwaka aliozaliwa na kijiji anakotoka. Namba zote zingeingia kwenye seti, yaani mfuko usiokubali kitu kilekile mara mbili. Unauliza: namba hii imo? Kama haimo, mtoto anaandikwa na anachanjwa. Kama imo, anarudishwa nyumbani, maana alikwisha kuchanjwa. Niliona nimemaliza kazi, na siku hizo kichwa changu kilikuwa hakipiti mlangoni.

Surua ikaingia katika vijiji vya kusini. Asubuhi moja mama mmoja alishuka kwenye boti kutoka Zongwe na mapasa wake, wavulana wa miezi kumi, wanono, wenye hasira za njaa. Majina yao mengine yalikuwa hayajachaguliwa. Walikuwa na yale ya mapasa tu. Niliandika la mkubwa, kompyuta ikampokea. Niliandika la mdogo, ikamkataa.

"Mama, huyu wa pili alikwisha kuchanjwa," nikasema.

"Wapi? Njo leo tumefika mara ya kwanza."

"Mashine inasema yuko ndani."

Akamvalisha mkubwa shati ambalo alikuwa amekwisha kumvua. "Basi na huyu muache. Wote ao hakuna."

Ndivyo ilivyo kwetu. Ukimpa pacha mmoja, unampa na mwenzake. Ukimnyima mmoja, umewanyima wote wawili. Alimfunga mmoja mgongoni, mwingine kifuani, akateremka kuelekea ziwani bila kuniaga.

Mama yangu alitoka chumba cha nyuma na dawa mkononi, akakuta benchi tupu. Nikamweleza.

"Mutoto iko analia mbele yako," akasema, "na weye unauliza mashine kama iko?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alifungua sanduku la fishe, ambazo alikuwa bado anaziandika, akanionyesha: Zongwe hiyohiyo, mwaka huohuo, pacha mwingine mdogo mwenye jina lilelile, ambaye mkubwa wake alifariki siku ya kuzaliwa. Alichanjwa wiki iliyopita, na mimi ndiye niliyemwandika.

Nilikimbia mpaka ndala moja ikakatika, nikaendelea na iliyobaki. Nilikuwa nawaza homa, na macho mekundu ya watoto wenye surua. Boti ilikuwa bado inapakia chumvi. Mama wa mapasa alikuwa amekwisha kukaa juu ya magunia.

"Mama Mapasa, kosa ni langu. Mashine niliifundisha vibaya." Nikaingia majini, nikamwinamia yule mdogo, nikamwomba msamaha, watu wote wa boti wakisikiliza.

"Na mukubwa wake?" akauliza mama yao.

"Huyo hatukumukatala, Mama."

"Alichanjwa?"

Nikamwomba msamaha na mkubwa. Boti nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinikabidhi mkubwa nimbebe, akashuka, na nahodha akasema atangoja.

Kule juu, mama yangu alipokuwa akiwapima joto, nilifuta mistari yangu ya maringo katika programu. Sasa kompyuta ingeokota namba yoyote tu, kisha kuiuliza seti: imo? Kama imo, inaitupa na kuokota nyingine, mpaka ipate isiyomo. Namba isingetokana tena na jina la mtu. Na kama mtoto alikwisha kuchanjwa au la, tungemuuliza mama yake. Niliokota mbili, nikaiuliza seti, zote mbili hazimo.

Mama yangu alijaza sindano mbili kabla ya kumgusa yeyote. Akamchoma mkubwa, na kabla huyo hajapata pumzi ya kulilia, akamchoma mdogo. Wakalia pamoja, kwa sauti moja, na hapo ndipo mama yao alipocheka.