Niliagwa Kabla Kibali Hakijatoka

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo la panya ningeingia.

Nilipata kazi ya upishi kwenye hoteli ndogo Shelisheli, na tajiri wa kule akaniandikia kwamba kibali cha kazi huenda kikatoka wiki hiyo, nisubiri nyumbani kwanza kwa sababu bila kibali huingii kufanya kazi. Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia mama, "Jumapili nasafiri." Hilo tu. Mama akapeleka habari jumuiya yetu ya kanisani, na watu wa jumuiya mnawajua, hawaagi mtu kwa kupunga mkono: Jumamosi walijaa uani kwetu Kibaoni, wakaimba, wakanivisha vitenge, wakaninyunyizia maji ya baraka, pilau ikaliwa, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kapungu, akasimama kutangaza kwamba sasa mtaa una mtu ng'ambo. Ningesema nini, kibali bado?

Jumapili nikapanda basi na begi langu, nikashuka Kiberege, si mbali na kwetu, kwa shangazi, nikajifungia ndani. Siku ya tatu mama akapiga simu (hata yeye sikumwambia, Mungu anisamehe), akaiweka spika jumuiya nzima isikie. "Umefika salama, mwanangu?" Nikajibu nimefika, bahari nzuri kweli, na hapo nimekaa jikoni napepeta mchele.

Wiki ya pili tajiri akaandika tena: maombi yamekwama, inatakiwa barua ya serikali ya mtaa ninaoishi, yenye picha na mhuri, nami nisaini mbele ya mwenyekiti, na isipofika kabla ya Ijumaa kazi anapewa mwingine. Mwenyekiti! Yaani Mzee Kapungu yule yule.

Nikaenda na barakoa usoni, kanga nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Ofisi imejaa watu, nusu yao walikula pilau yangu.

"Shikamoo," nikanong'ona.

"Marahaba. Jina?"

Nikalitaja kwa sauti ya mbu. Akaacha kuandika, akavua miwani. "Felista? Si uko Shelisheli wewe?"

Benchi zima likageuka. Nikaivua barakoa mwenyewe, machozi yananitoka, nikaeleza yote pale pale, na ile bahari ya uongo pia. Mama mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Alinipa kalamu nisaini, akagonga mhuri, akanikabidhi barua.

"Mwanangu, sisi tulikuaga, hatukukufukuza. Haya, nenda nyumbani ukamsalimie mama yako."

Nilimkuta mama anaanika mpunga. Aliniangalia weee, kisha akauliza nilikuwa wapi, nikamwambia Kiberege.

"Kiberege hapo?" akasema. "Na mimi kila alfajiri napiga magoti nakuombea usizame."

Hapo ndipo nilipoumia, kuliko aibu yote ya ofisini. Kibali kilitoka, kazi niliipata, na walionicheka bado wananicheka. Sawa tu, wacheke. Ila kumdanganya mama yangu tena, hapana, hata kama ni kwa safari ya peponi.