Wasichana wa Uwanja wa Mbuzi

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu kuanza masomo katika shule niliyosomea mimi, hapa Kitengela. Nililipita geti bila kulijua, ikabidi nirudi. Enzi zetu hapakuwa na geti. Kulikuwa na migunga miwili na nafasi katikati yake, ukipita hapo umeshafika shule. Leo kuna ukuta wa mawe, kuna basi la manjano, kuna ghorofa nzima ya maabara. Nilikuwa kwenye foleni ya wazazi niliposikia mpira ukigongwa nyuma ya madarasa. Dum. Kimya kidogo, halafu dum tena. Rafiki yangu, magoti yangu ndiyo yaliyokumbuka kwanza.

Wacha nikueleze tulivyokuwa. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, mabati juu na mabati ubavuni, na upepo wa mbuga ukivuma tulimsikia mwalimu nusu nusu. Punda milia walijileta mpaka karibu na vyoo. Saa ya chakula tulipanga mstari na vikopo vyetu tukingoja githeri, mahindi na maharagwe yenye harufu ya moshi, na aliyepata maharagwe mengi alitembea polepole ili aonekane. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika viatu kama gundi, tukavivua na kuingia darasani tumevibeba mkononi.

Mimi sikuitaka shule hiyo. Nilitaka ile kubwa ya bweni, yenye masweta ya maruni, ambayo kila mtu kaunti nzima aliijua. Rafiki yangu wa dawati moja, tuliyesoma naye msingi tangu darasa la kwanza, aliitwa huko. Mimi sikuitwa. Mama, aliyekuwa akishona nguo kiwandani kule Athi River, hakunipa maneno mengi.

"Utaenda hapa karibu," alisema, "na utaenda ukiwa msafi."

Nilienda nikiwa msafi, lakini moyo niliuacha nyumbani. Kwa muda mrefu sikuongea na mtu. Kisha siku moja msichana wa kidato cha juu, mwenye hijabu iliyobanwa vizuri kwa pini, alinitazama nikirusha maji kwa ndoo kumwagilia miche.

"Wewe uko na mikono," aliniambia. "Kuja tucheze."

Huyo ndiye aliyekuwa nahodha wetu wa voliboli. Familia yao ilitoka upande wa Garissa, na baba yake alinunua mbuzi Bisil na kuwauza Kitengela. Timu ilikuwa na kila kitu isipokuwa pahali pa kuchezea. Uwanja wa shule ulikuwa udongo ule ule mweusi: kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, masika unakuwa uji. Na mwalimu mkuu alikuwa ametuambia wazi kwamba tukirudi mashindanoni mikono mitupu mwaka huo tena, saa za michezo zitakuwa saa za hesabu.

Nahodha alimwambia baba yake. Mzee akaja shuleni mwenyewe, ameshika fimbo yake, akamsalimu mwalimu wetu wa michezo na kutupeleka soko la mifugo. Pale chini palikuwa pagumu na tambarare, pamekanyagwa na kwato miaka mingi.

"Hii kiwanja iko tupu mpaka siku ya soko," alisema. "Chezeni. Lakini mfagie kwanza."

Basi tulifagia. Kila jioni tulifagia kinyesi cha mbuzi, tukafunga wavu kwenye nguzo za zizi, tukaanza. Mwalimu wetu, mama mfupi mwenye sauti kubwa, alifundisha jiografia asubuhi na kutunyima pumzi jioni. "Mpira ukianguka chini," alizoea kusema, "nikute na nyinyi mko chini." Tukawa chini. Viwiko vilichubuka, magoti yakachubuka, na upepo wa pale wazi ulikuwa ukiuchukua mpira na kuupeleka unakotaka, mpaka nikajifunza kuupiga pembeni ili upepo wenyewe uurudishe ndani. Nikifika nyumbani Mama ananinusa mlangoni.

"Umetoka shule ama umetoka bomani?"

Lakini siku ya mashindano ilipokaribia, alirudi na vitambaa vya samawati na kutushonea jezi, moja moja, na ya nahodha akaiongezea mikono mirefu bila kuambiwa.

Mashindano yalikuwa Kajiado mjini. Hatukuwa na basi. Lori la baba yake nahodha lilikuwa likienda Bisil kuchukua mbuzi, na Kajiado iko njiani, kwa hiyo likaoshwa tukapanda. Tuliimba kuanzia Kitengela mpaka Isinya, na baada ya hapo baridi ikatunyamazisha. Mzee alitushusha uwanjani, akasema anarudi jioni, akaendelea na safari.

Tulishinda mechi ya asubuhi. Tukashinda iliyofuata. Fainali ikatukutanisha na masweta ya maruni.

Yule wa dawati moja nami alikuwa upande wa pili wa wavu, amekuwa mrefu, ana viatu vyeupe. Alifurahi kwelikweli kuniona. Akanikumbatia, kisha akarudi nyuma kidogo na kunishika bega.

"Kumbe bado uko hapo Kitengela? Pole, jamani."

Angenitukana ningejua la kujibu. Alinihurumia, na ile huruma ilinichoma hadi nikasahau kufunga kamba za viatu. Nyuma yake wenzake, waliotuona tukishuka kwenye lori la mbuzi, walishaanza kuminya pua na kulia kama mbuzi. Nahodha akanivuta mkono.

"Wacha walie," alisema. "Sisi tumekuja kucheza."

Seti ya kwanza walituchapa. Tulikuwa tunaogopa zile sauti zao za pamoja, zile nyimbo walizofundishwa. Mwalimu hakutukaripia. Alituuliza tu, "Nani hapa ana goti lenye vumbi?" Tukatazamana. Hakuna. Seti ya pili tulianza kuanguka. Kila mpira waliodhani umekufa ulikuta mkono wa mtu chini yake, na msichana wetu mrefu wa Isinya, aliyekuwa akitembea ameinama kwa aibu ya urefu wake, alisimama wima na kuanza kuikita mipira juu ya vichwa vyao. Tukaichukua ile seti.

Ya tatu ilikwenda pointi kwa pointi. Tukiwa sawa, karibu mwisho kabisa, nilisikia honi barabarani. Lori lilikuwa limerudi. Likaegeshwa kando ya uwanja likiwa limejaa mbuzi, na mbuzi wote wakalia kwa pamoja. Uwanja mzima ukaangua kicheko, lakini hakuna aliyetucheka sisi. Wachungaji walioomba lifti Bisil wakaruka chini na kutushangilia kwa Kimaasai, kina mama waliokuwa wakiuza shanga wakaacha biashara wakaja, na mzee akapanda juu ya kichwa cha lori na fimbo yake hewani.

Zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa yangu. Upepo ulitoka kulia. Nikaupiga nje kabisa, watu wa maruni wakauacha upite, na upepo ukaurudisha ndani ya mstari. Pointi. Nikaupiga tena, safari hii waliupokea, na mwenzangu wa zamani akaruka akaukita kwa nguvu zake zote. Nahodha alijitupa kifudifudi, mpira ukapanda, nikauinua karibu na wavu, na msichana wa Isinya akamaliza kazi.

Sikumbuki filimbi. Nakumbuka uzito wa wenzangu juu yangu na mchanga mdomoni. Rafiki yangu alipopita chini ya wavu kunipa mkono hakusema pole. Alisema, "Nani anawafundisha nyinyi?" Nikamwonyesha yule mama mfupi, aliyekuwa amekaa chini analia na kucheka.

Tulirudi juu ya lori, kwenye mbao, mbuzi wakiwa chini yetu na kikombe cha ushindi kikipita mkono hadi mkono. Kitengela watu walitoka madukani. Mama alikuwa ameruhusiwa kutoka kazini mapema. Alikimbia kando ya lori na sare yake ya kiwandani, akiniita jina langu lote kama linavyoandikwa kwenye cheti. Na saa za michezo hazikuguswa.

Soko lile lilihamishwa. Palipokuwa na wavu wetu pameota ghorofa za kupangisha, na punda milia huwaoni tena labda uende mbali. Mwalimu alistaafu akarudi kwao Makueni. Mzee wa mbuzi tulimzika Bisil, mvua ikinyesha.

Nilipotoka shuleni siku ile nilimpigia nahodha simu. Yeye ndiye anayeendesha biashara ya baba yake sasa. Nikamwambia wasichana bado wanacheza, na wana uwanja wa saruji.

"Unajua mzee alipolazwa," akaniambia, "kila nesi aliyeingia, mzee alimwambia yeye ako na timu. 'Timu yangu iliwapiga Kajiado,' anasema. Nikamwambia, baba, ni sisi tulicheza. Akanikatalia kabisa."

Tulicheka mpaka salio langu likaisha. Nikaweka jingine, nikampigia tena, tukaendelea kucheka.