Miezi Sita Kuanzia Tarehe Thelathini na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu ya wino mwekundu, rula, na kiti kilichovunjika mgongo. Nilikuwa nimetoka kwetu Nyakoe nikidhani kila askari wa magereza hupewa rungu. Sajini aliyesimamia ofisi ya kumbukumbu alitazama mwandiko wangu, akasema, "Ukuta watachunga wenzako. Wewe utachunga tarehe." Nikazichunga hadi nilipostaafu, na nimechoka.

Nyinyi vijana mnaobonyeza simu ikawapa jibu, nitawaeleza tulivyofanya. Mtu akitoka mahakamani alikuja na waranti, yaani karatasi ya hakimu inayosema amefungwa miezi mingapi. Theluthi moja iliondolewa kwa tabia njema. Miezi iliyobaki niliiongeza kwenye tarehe ya hukumu, na jibu nikaliandika kwa wino mwekundu kwenye rejista. Kwa mfungwa, hiyo ndiyo tarehe pekee duniani.

Sajini alinifundisha kwa ngumi. Kila kifundo cha kidole ni mwezi wa siku thelathini na moja, kila bonde katikati yake ni mwezi mfupi. "Mwezi si siku thelathini," alinikanya. "Mwezi ni tarehe mpaka tarehe. Na siku ya hukumu yenyewe inahesabiwa." Kwa hiyo aliyefungwa miezi sita tarehe kumi Machi humaliza tarehe tisa Septemba. Na kama mwezi wa mwisho hauna tarehe hiyo? "Unarudi nyuma, huruki mbele. Mfungwa asilipe deni la kalenda."

Nilihamishwa mara nne. Magereza yenyewe sitayataja. Sajini alistaafu, akaja Inspekta mmoja mwenye sauti ya chini, na yeye alikuwa na mafundisho mengine. "Ukiwa na shaka, ongeza," aliniambia. "Hakuna afande aliyewahi kufukuzwa kwa kumweka mtu siku moja zaidi. Lakini mtoe mapema uone." Mafundisho ya namna hiyo huingia mwilini polepole. Baada ya miaka kadhaa chini yake, niliongeza bila hata kuwa na shaka.

Ndipo akaja Onchari, mkulima wa Nyamarambe, aliyempiga jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alihukumiwa tarehe thelathini na moja Agosti, miezi tisa. Ukiondoa theluthi, inabaki sita. Siku hiyo waranti zilikuwa zimenijaa mezani, nami nilikuwa peke yangu. Nikahesabu vifundo, siku ya hukumu nikaisahau: thelathini na moja Februari. Haipo. Februari ina ishirini na nane, zimezidi siku tatu, nikaruka nazo hadi tarehe tatu Machi. Nikaandika kwa wino mwekundu na kuchukua waranti nyingine.

Onchari hakuwa na kalenda. Alikuwa Msabato, akihesabu Sabato zake kwa kufunga mafundo kwenye uzi wa blanketi. Katikati ya Februari mama yake alifariki. Shemeji yake alikuja kumpa habari, na Onchari akamwambia, "Nitatoka Jumatano, tarehe ishirini na nane. Mzike Alhamisi." Alikuwa mwana wa kiume wa pekee. Nyumbani walimtegemea atupe udongo wa kwanza, kama inavyotakiwa kwao. Familia ikakubali, maiti ikangoja.

Jumatano asubuhi alisimama mlangoni pa ofisi, blanketi limekunjwa.

"Afande, leo ndiyo siku yangu."

"Siku yako ni Jumamosi."

"Sabato zangu zimekwisha. Ni ishirini na sita. Miezi mitatu ni Sabato kumi na tatu; mara mbili, afande, hesabu uone."

"Hapa si kanisani, Onchari."

"Mama anazikwa kesho."

Nilimgeuzia rejista aone wino mwekundu. Kuhesabu tena kungenichukua dakika mbili. Sikuhesabu, na mpaka leo naona aibu kulisema. Niliamini maandishi yangu kuliko mtu aliyezilala siku zile moja baada ya nyingine. Alirudi ndani. Alhamisi mama yake akazikwa.

Ijumaa Inspekta alikuwa akikagua orodha ya watakaotoka kesho yake. Kidole chake kikasimama. "Huyu alipaswa kutoka juzi." Nilihesabu vifundo, nikahesabu tena. Ilikuwa kweli. Nikasema twende kwa mkuu wa gereza.

"Ukamwambie nini?" aliuliza. "Futa. Andika ishirini na nane."

"Na leo ni tarehe ngapi, bwana?"

"Kwa kitabu, leo ni ishirini na nane."

Niliandika. Hati ya Onchari ya kuachiliwa pia niliandika hivyo hivyo, Inspekta akapiga muhuri. Onchari aliisoma muda mrefu. "Kwa hivyo mimi niko huru tangu Jumatano," alisema. Niliinama nikamwonyesha pa kutia sahihi, kwa maana bila sahihi lango lisingefunguliwa. Alitia.

Habari za baadaye nilizipata kwa fundi viatu wa Masimba aliyemfahamu. Onchari alipofika nyumbani, dada yake Kwamboka aliomba kuiona ile hati. Akasoma tarehe. Akamuuliza mbele ya watu usiku wa Jumatano na wa Alhamisi alilala wapi, na mama alipoteremshwa kaburini alikuwa wapi. Alisema alizuiliwa. Nani angeamini neno la mfungwa mbele ya muhuri wa serikali? Walisema alikuwa mjini akinywa, yeye Msabato asiyejua hata harufu ya pombe. Akahama, akapanga chumba hapo Masimba, akawa anatengeneza majembe. Nyumbani kwao hakukanyaga tena.

Niliyajua haya, na niliendelea kwenda kazini. Tulipata kompyuta, nikafundisha makarani wapya kurudi nyuma badala ya kuruka mbele. Walinisifu kwa umakini.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilipanda kwenda Nyamarambe. Kwamboka alinikaribisha kwa chai na ndizi, akiniita baba, maana hakunijua. Nikamweleza yote: vifundo, Februari, kalamu, muhuri. Nikamwambia kwamba Jumatano na Alhamisi ndugu yake alikuwa amelala ndani ya ukuta wetu, na kwamba mkono ulioandika uongo ni huu.

Alisogeza kikombe chake pembeni.

"Hii miaka yote," alisema, "hata akiugua sijawahi kumpelekea uji." Kisha akanitazama usoni. "Baba, hayo yote ulikuwa unayajua. Mbona umekuja leo?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu njiani, lakini mbele yake nilimwambia ukweli. Ningesema nikiwa kazini, ningefukuzwa. Kwa hiyo nilihesabu miezi iliyobaki nistaafu, nikaingoja yote, na katika hesabu hiyo sikukosea hata siku moja.